Boila Inaponguruma: Sikilizeni Kabla ya Kuongeza Kuni



Katika sehemu zetu za baridi, boila ya kuni ni msaada mkubwa. Ni pipa la lita 200 lililolazwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, moto chini yake, na mabomba yanayopeleka maji moto bafuni. Vikundi vingine vinaitumia katika nyumba ya wageni, vingine katika hosteli au zahanati. Tunapowatembelea, kuna swali ambalo tumeulizwa zaidi ya mara moja: "Hii boila yetu imeanza kupiga kelele. Je, itapasuka?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Lakini kuna kelele moja ambayo haitaki mchezo. Ni lazima kila mwanakikundi aijue, hata yule ambaye kazi yake ni kuwasha moto tu.

Tulichokiona

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na boila iliyokuwa ikidondosha maji kutoka bomba la kupumulia, yaani lile bomba lililosimama wima likiwa wazi juu. Kijana mmoja aliona maji yanapotea bure, akaliziba kwa kipande cha mti. Usiku wao walikuwa wakifunga pia valvu ya maji yanayotoka tangini. Asubuhi moja moto uliwashwa na hakuna aliyekumbuka kufungua ile valvu. Pipa likaanza kunguruma, kisha likapiga mluzi kwenye viungo vya mabomba. Tulipofika, pande zake mbili zilikuwa zimevimba kama mtungi. Bahati nzuri, mama mmoja alikuwa amewaondoa watu wote pale, na moto ukaachwa ufe wenyewe. Hakuna aliyeumia, lakini pipa liliharibika kabisa.

Kwa nini ilikuwa hivyo?

Maji yakipata moto huongezeka. Lita 200 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80 za Selsiasi huongezeka kwa zaidi ya lita 5. Hizo lita 5 lazima zipate pa kwenda. Katika boila iliyotengenezwa vizuri kuna njia mbili: kurudi tangini kwa bomba la maji baridi, au kupanda bomba la kupumulia. Maji yakichemka, mvuke nao hutokea hapo juu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ukiziba njia zote mbili, umefanya pipa kuwa bomu.

Na yale maji yaliyodondoka? Bomba la kupumulia lilikuwa fupi tu. Ncha yake ilikuwa karibu sawa na kimo cha maji ya tangini, kwa hiyo maji yakipata moto yalimwagika. Dawa ilikuwa kulirefusha lipite kimo hicho kwa nusu mita au zaidi.

Kila sauti na maana yake

1. Mngurumo na vipasuko chini ya pipa, kama mahindi yanayokaangwa. Huu ni ukoko. Maji ya visima virefu mara nyingi huwa na chokaa ndani yake. Mtayajua kwa sabuni kukataa kutoa povu, na kwa ule ukoko mweupe ndani ya birika. Chokaa hiyo hushuka chini ya pipa. Maji kidogo hunaswa chini yake, yanageuka mvuke, kisha yanapasuka juu: ndiyo sauti mnayosikia. Si hatari ya leo, lakini ukoko huzuia moto kufika kwenye maji. Mtachoma kuni nyingi zaidi, na bati la chini litaungua upesi. Pipa lioshwe, kama tutakavyoeleza hapa chini.

2. Kishindo ukutani mtu anapofunga mfereji. Maji yanayokimbia bombani yakisimamishwa ghafla hugonga, kama mtu anayekimbia akakutana na mlango. Fungeni mfereji polepole, na mabomba yanayotikisika yashikwe ukutani kwa vibano. Kama mfereji wenyewe unatetemeka ukiwa wazi, huenda washa imekwisha. Badilisheni.

3. Mfereji unakohoa na kutema hewa. Angalieni tangi kwanza. Huenda halina maji, au boya limekwama. Pipa likikauka juu ya moto, MSITIE maji baridi. Yakigusa bati jekundu yatageuka mvuke mara moja. Ondoeni kuni, ngojeni pipa lipoe kabisa, ndipo mjaze.

4. Mluzi, mvuke kwenye viungo, au pipa kuvimba. Hii ndiyo hatari. Ondoeni watu wote, hasa watoto. Msikaribie kutoa kuni, msimwage maji juu ya pipa, msilegeze nati yoyote. Acheni moto ufe wenyewe. Fundi aguse pipa siku inayofuata, likiwa baridi.

Kuosha pipa

Acheni moto ufe jioni, mfanye kazi asubuhi. Fungeni maji ya tangini, kisha fungueni mfereji wa chini wa pipa na mmoja wa maji moto ili hewa iingie. Maji yakiisha, fungueni kifuniko cha pipa kama kipo, mkwangue ukoko kwa kijiti, bati lisije likatoboka. Rudisheni kifuniko, fungueni maji ya tangini yapite mpaka yatoke safi. Fungeni mfereji wa chini, mjaze pipa mpaka maji yatoke bafuni bila hewa, ndipo muwashe moto. Na kabla ya kiberiti, mtu ahakikishe kwa macho yake kwamba valvu ya tangi iko wazi.

Ili ukoko usirudi haraka, msichemshe maji. Chokaa hushuka kwa wingi maji yakizidi joto la nyuzi 60, na hata hayo ni moto wa kumwunguza mtu asipochanganya na baridi. Wenye paa la mabati wakinge maji ya mvua kwa boila, maana hayo karibu hayana chokaa.

Kila mwezi, mtu mmoja aangalie:

- Bomba la kupumulia liko wazi? Nyigu hupenda kujenga humo.
- Lina valvu au kizibo chochote? Kiondolewe leo.
- Boya la tangi linapanda na kushuka?
- Pipa lina kutu, uvimbe au tone la maji chini?

Fundi wetu wa jua kali ni hodari, lakini mwulizeni kabla hajaanza: "Maji yakiongezeka, yatatokea wapi?" Akishindwa kuwaonyesha njia hiyo kwa kidole, asiunganishe kwanza.

Ya kujadiliana katika kikundi

1. Nani anawasha moto wa boila yetu? Ameonyeshwa valvu na bomba la kupumulia?
2. Kuna kitu tulichokiziba kwa sababu kilikuwa kinavuja, bila kuuliza kwa nini kilivuja?
3. Tumeweka akiba ya kununua pipa jipya hili likichakaa?

Boila haisemi bure. Ikinguruma, acheni kuni chini kwanza, mwende mkaangalie.