Bili ya umeme ikipanda wakati wa baridi, uchunguzi uanzie wapi?

Kila majira ya baridi nchini Uingereza, wenye maduka, migahawa na ofisi, wakiwemo wenye asili ya Afrika Mashariki, hupokea bili za umeme zinazowatia hofu. Wengi huilaumu baridi na kulipa. Hata hivyo, si kila ongezeko husababishwa na baridi.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha bei na matumizi. Tazama idadi ya uniti na idadi ya siku, na kama mita ilisomwa au kampuni ilikisia tu. Iwapo uniti hazikubadilika, kilichopanda ni bei. Kikomo cha bei kinachowekwa na mdhibiti wa nishati, Ofgem, huwalinda wateja wa majumbani, si wafanyabiashara. Mkataba wa biashara ukimalizika bila kujadiliwa upya, bei inaweza kupanda ghafla.

Iwapo zilizoongezeka ni uniti, linganisha Januari na Januari iliyotangulia, si Septemba. Kisha soma mita wakati wa kufunga, na tena asubuhi kabla ya kufungua. Tofauti hiyo ni umeme uliotumiwa na jengo tupu. Majokofu lazima yafanye kazi usiku. Kinachozidi hapo kitafutiwe sababu.

Hita moja ya kilowati 2 ikisahauliwa ikiwaka mfululizo kwa saa 12 za usiku hutumia uniti 24. Kwa siku 30, hizo ni uniti 720. Pengine saa inayowasha mitambo haikurekebishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa za Uingereza ziliporudishwa nyuma. Pengine chumba kimoja kinapashwa joto huku kiyoyozi kikikipoza.

Hitilafu iliyo ngumu kugundua ni ya pampu ya joto. Ikiwa nzima, hutoa takriban uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme. Ikiharibika, hita yake ya akiba huchukua kazi hiyo, na uniti moja hutoa joto la uniti moja tu. Kwa kuwa jengo hubaki na joto lile lile, hakuna anayeshtuka hadi bili ifike.

Kwa hiyo, kabla ya kumpunguzia mfanyakazi saa za kazi ili kufidia gharama, zima kifaa kimoja baada ya kingine huku ukitazama mita. Huenda anayekula faida yako si mfanyakazi huyo, bali ni hita iliyosahauliwa ghalani.