Usitupe karatasi ya maabara, huenda ikamtetea mwanao

MWEZI uliopita kijana mmoja alinijia kliniki akiwa na faili kwapani. Hakuwa mgonjwa. Ni mwanafunzi wa sheria aliye katika mafunzo ya nyanjani kwenye shirika la serikali la kusimamia mazingira. Kazi aliyopewa ni kusoma barua za wakazi wanaolalamikia karakana inayoyeyusha betri kuukuu za magari.

“Daktari,” akaniambia, “barua zote zinasema watoto wanaugua. Hakuna inayosema mtoto yupi, tangu lini, wala alipimwa nini. Wakili ninayemsaidia atasimama na nini?”

Sikumwonyesha rekodi ya mgonjwa yeyote, maana hizo ni siri. Lakini swali lake lilinichoma. Mara ngapi nimeandika “upungufu wa damu” kwenye kijitabu cha mtoto, nikatoa dawa ya kuongeza damu, bila kumuuliza mama wanaishi karibu na nini?

Betri hizo zina madini ya risasi. Zikiyeyushwa ovyo, vumbi lake hutua sakafuni, kwenye nguo na kwenye mchanga wanaochezea watoto. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake huinyonya mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake ungali unakua. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu, uzito wa kujifunza, na hali ikizidi, degedege. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Kipimo cha damu ndicho huthibitisha. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na mtoto aepushwe nacho.

Tunao mfano hapa nchini. Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri kilichopakana na kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Mwanawe mchanga alipougua, vipimo vya malaria na homa ya matumbo havikuonyesha kitu, hadi alipopimwa risasi. Wakazi walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 waliamuliwa kulipwa Sh1.3 bilioni, na shirika la mazingira, NEMA, likawa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha malipo hayo mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikayarejesha Desemba 2024.

Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani hata kabla ya mtu kudhurika. Lakini ikiwa mtoto amekwisha kuugua, karatasi yake ina uzito.

Basi, mzazi, fanya haya:

Mweleze daktari mnapoishi, kazi mnazofanya na kilicho jirani yenu, hata asipouliza.

Omba nakala ya matokeo yenye tarehe, jina la maabara na kiwango kilichopatikana. Ihifadhi pamoja na kijitabu cha kliniki.

Ukiandika malalamiko, taja mahali, tarehe na ulichoona kwa macho yako. Toa nakala, karatasi halisi ibaki kwako.

Usingoje kesi iishe. Mnawishe mtoto mikono kabla ya kula, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, na nguo za kazi zisiingie nyumbani. Mpe maziwa, maharagwe, omena na mboga za majani. Madini ya chuma na kalisi yakipungua mwilini, risasi hunyonywa zaidi.

Usinunue dawa ya “kusafisha damu” mtaani. Dawa za kutoa risasi hutolewa hospitalini kwa uangalizi, na hazifui dafu ikiwa mtoto anarudi kwenye vumbi lile lile.

Mimi nami nimebadilika. Siku hizi nikiona mtoto ana upungufu wa damu usioeleweka, huuliza kwanza: “Mama, nyumbani mmepakana na nini?” Kisha jibu naliandika.