Milioni 2.3 Zilivyogeuka Mia Nne

Msomaji mmoja wa Tanga ametuandikia swali ambalo naamini limewakaa wengi rohoni. Ana ndugu aliyehamia Minneapolis zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Ndugu huyo ni raia wa Marekani, hakosi uchaguzi, na hajawahi kuulizwa na mtafiti yeyote atampigia nani kura. "Sasa hizo asilimia wanazotangaza kila wiki," anauliza msomaji, "wanazitoa kwa nani? Na kule Iowa walikosea vipi kiasi kile?"

Nianze na Iowa. Tarehe 2 Novemba 2024, siku tatu kabla ya uchaguzi wa rais, gazeti la Des Moines Register lilichapisha kura ya maoni iliyoendeshwa na Ann Selzer. Wahojiwa walikuwa 808. Kamala Harris alipata asilimia 47, Donald Trump 44. Taarifa ile ilitikisa watu kwa sababu ya mkono uliotoka. Mwaka 2016, na tena 2020, watafiti wengi walipompunja Trump, Selzer alisema atashinda Iowa kwa pointi 7, na mara zote mbili alikuwa karibu kabisa na ukweli. Safari hii kura zilipohesabiwa Trump alishinda kwa pointi 13. Kosa la pointi 16, kutoka kwa mtu aliyesifika kuliko wote katika kazi hiyo.

Kwamba watu elfu moja wanatosha kulisemea taifa la watu zaidi ya milioni 330, hilo sitalikalia. Hesabu yake imekamilika zamani, na wafanyabiashara wa nafaka waliijua kabla ya wanahesabu. Mnunuzi wa mchele hamwagi gunia chini ili alikague. Anachukua bambo, kile chuma chenye ncha na uwazi ndani, analichoma guniani, punje zinamteremkia kiganjani. Anazitazama, anatafuna mbili tatu, anataja bei. Gunia liwe la kilo 50 au 100, kiganja ni kilekile. Kinachomshughulisha ni mahali bambo lilipofika, kwa kuwa muuzaji mjanja hutandaza mchele mzuri juu na kuzika chenga katikati. Bambo likigusa kila pembe bila upendeleo, kiganja kimoja kinatosha. Vivyo hivyo, ukiwachagua watu 1,000 kwa nasibu tupu, jibu lao litakuwa ndani ya pointi 3 hivi za ukweli, mara 19 katika kila 20. Wapiga kura wa mwaka 2024 walizidi milioni 150. Ndugu wa Minneapolis hajaguswa na bambo, basi. Wengi hawaguswi maisha yao yote.

Lakini mchele hauna hiari, na hapo ndipo panaponikosesha usingizi kwa furaha. Punje haiwezi kusikia bambo linakuja ikajisogeza pembeni. Mtu anaweza. Anaona namba asiyoijua kwenye simu, anaiacha iite mpaka ikatike. Hebu fikiria gunia ambamo kila punje inaamua yenyewe kama itaingia bamboni, na chenga zina haya zaidi kidogo kuliko mchele mzima. Utachoma mara elfu, utachoma mara milioni, kiganja chako kitakudanganya vilevile kila mara.

Marekani ililiona jambo hili mwaka 1936, ingawa nusu karne ilipita kabla halijaeleweka vizuri. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10 kwa anwani zilizotolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2.2. Jarida likatangaza kuwa Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt kwa asilimia 57. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Wakati huohuo kijana mmoja aliyezaliwa Jefferson, Iowa, jina lake George Gallup, alikuwa ametabiri ushindi wa Roosevelt kwa kuwahoji watu wapatao 50,000. Tena, mwezi Julai, kabla jarida halijatuma karatasi hata moja, alikuwa ameandika kwamba litampa Landon asilimia 56. Alikosea kwa pointi moja. Jarida lilikufa miaka miwili baadaye.

Tangu hapo wanafunzi wanafundishwa kwamba kosa lilikuwa simu na magari: wenye navyo walikuwa matajiri, na matajiri walimchukia Roosevelt. Ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Mwaka 1988 mtaalamu wa siasa Peverill Squire alirudia takwimu za uchunguzi ambao Gallup aliufanya mwaka 1937, akiwauliza watu kama walipokea karatasi ile na kama waliirudisha. Akakuta kwamba hata waliokuwa na simu na gari, wengi wao walimpigia Roosevelt. Kama wote waliotumiwa karatasi wangejibu, jarida lingemtaja mshindi wa kweli. Waliokaa kimya ndio waliokuwa na Roosevelt. Waliokuwa na hasira naye waliharakisha kurudisha karatasi zao.

Sasa njoo mwaka 2018. Xiao-Li Meng, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika makala katika Annals of Applied Statistics akilichambua kosa la utafiti katika sehemu tatu zinazozidishana: ukubwa wa sampuli ukilinganishwa na umma wote, utofauti wa maoni katika umma, na uhusiano kati ya kuamini jambo fulani na kukubali kujibu. Sehemu mbili za kwanza zimo katika kila kitabu. Ya tatu ndiyo iliyokuwa imejificha, na ni ndogo mno kwa macho ila ina nguvu za ajabu.

Tufanye hesabu pamoja, maana ni nyepesi. Chukua nchi yenye wapiga kura milioni 230, waliogawanyika nusu kwa nusu kabisa kati ya wagombea wawili. Niwaite Jembe na Nyumba, kama alama za kura zetu za zamani Tanzania. Mtafiti anawatafuta wote. Katika kila wafuasi 10,000 wa Jembe wanajibu 105. Katika kila wafuasi 10,000 wa Nyumba wanajibu 95. Tofauti ni watu 10 katika 10,000. Ukikaa nao kijiweni hutaiona. Jumla ya majibu ni milioni 2.3. Jembe amepata asilimia 52.5, Nyumba 47.5. Nchi iliyo sare inatangaziwa kwamba Jembe anaongoza kwa pointi 5! Na kanuni ya kawaida ya vitabuni, ile iliyotupa pointi 3 kwa watu 1,000, itaapa kwamba sampuli kubwa namna hii haiwezi kukosea hata kwa sehemu ya kumi ya pointi.

Kosa hili la pointi 2.5 ndilo kosa la kawaida unalotegemea kwa sampuli ya nasibu ya watu 400. Mia nne! Watu milioni 2.3, asilimia moja nzima ya wenye haki ya kupiga kura Marekani mwaka 2016, wana thamani ya watu ambao wangeenea katika ukumbi mmoja wa harusi. Asilimia 99.98 ya jasho la kupiga simu imepotea. Meng alipozipima takwimu za 2016 aliona kasoro ya ukubwa huu hasa upande wa wapiga kura wa Trump. Piga simu mara mbili zaidi kwa uwiano uleule wa kujibu, na 52.5 itabaki 52.5, kinachoongezeka ni ujasiri wa mtangazaji.

Wanaojibu nao wanazidi kuwa adimu. Kituo cha utafiti cha Pew kiliripoti kwamba mwaka 1997 tafiti zake za simu zilipata majibu kutoka asilimia 36 ya waliotafutwa. Kufikia 2018 ilikuwa asilimia 6.

Dawa inayotumika ni kumhesabu mhojiwa mmoja kwa zaidi ya mtu mmoja, na mwingine kwa pungufu, mpaka sampuli ifanane na sensa. Tuiiteje? Nimeona wanaoandika "usawazishaji", nami silikubali, kwa sababu linatangaza kwamba mambo yamekwisha kuwa sawa. "Kupima uzito" linampeleka msomaji kliniki ya watoto. Nitasema "kutia uzani", ili tusisahau kwamba kuna mkono unaoutia.

Mkono huo hufanya mambo makubwa. Mwaka 2016 gazeti la Los Angeles Times na Chuo Kikuu cha Southern California waliendesha utafiti wa watu wapatao 3,000 waliorudiwa kuulizwa wiki hadi wiki. Mmoja wao alikuwa kijana mweusi wa miaka 19 kutoka Illinois, mfuasi wa Trump. Vijana wa kiume wa umri wake walikuwa wachache mno katika sampuli, hivyo kanuni ikamtia uzani wa takriban watu 30 wa kawaida, na mara 300 ya mhojiwa aliyepewa uzani mdogo kuliko wote. Akijibu wiki hii, Trump anapanda kwa watu weusi kote nchini. Akikosa kujibu, anashuka. Septemba ya mwaka huohuo gazeti la New York Times liliwahoji watu 867 wa Florida pamoja na Chuo cha Siena, kisha likawapa takwimu hizo ghafi watafiti wengine makundi manne, kila kundi litie uzani wake. Simu zilezile, majibu yaleyale. Yakatoka matokeo matano, yakiwamo ya gazeti lenyewe, kuanzia Hillary Clinton kuongoza kwa pointi 4 hadi Trump kuongoza kwa pointi 1.

Selzer alitia uzani kwa uchache: umri, jinsia, na jimbo la uwakilishi. Wenzake wengi mwaka 2024 walikwenda mbali zaidi, wakawauliza watu walimpigia nani 2020 na kuilazimisha sampuli ifanane na matokeo yale. Yeye hakutaka uchaguzi uliopita uamue sura ya unaokuja. Msimamo huo ndio uliomfanya aone mageuzi ambayo wengine hawakuyaona, miaka na miaka. Safari hii, naamini, haukumwachia kinga dhidi ya waliokataa kujibu.

Kwa nini wanakataa? Hapa upimaji wa maoni na uundaji wake vinakutana. Chama cha watafiti wa maoni cha Marekani kilichunguza kosa la 2020, lililokuwa kubwa kuliko yote kwa miaka 40, na kikaona kwamba umri, rangi na elimu havilielezi. Huenda, katika watu wa kundi moja, waliojibu walitofautiana na wasiojibu. Mtu asiyeamini magazeti, vyuo vikuu wala serikali atavutwa na mgombea anayezishambulia taasisi hizo, na mtu huyohuyo atamkatia simu mtafiti anayejitambulisha kwa jina la chuo kikuu. Kilichojenga maoni yake ndicho kilichomfunga mdomo. Sensa haina safu ya imani, kwa hiyo hakuna uzani wa kumtia.

Hata anayejibu hana jibu lililolala kichwani likisubiri kuulizwa. Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alionyesha kwamba Wamarekani 62 katika 100 walisema hotuba za kupinga demokrasia zisiruhusiwe, lakini swali lilipouliza kama zipigwe marufuku, waliokubali walikuwa 46. Wengi wetu huokota jibu kutoka kwa tulichokisikia karibuni. Ni mada ya makala nzima, na iko siku nitaiandika.

Kinachonitia moyo zaidi sasa ni kazi ya Pew iliyoanza mwaka 2020. Kila mwaka wanachukua anwani kwa nasibu kutoka orodha ya posta, wanatuma barua yenye pesa taslimu kidogo ndani, na asiyejibu kwa intaneti anatumiwa fomu ya karatasi. Wanaojibu ni kati ya robo na theluthi ya waliotafutwa. Swali mojawapo ni kama mtu anajiona wa chama cha Democratic au Republican, jambo ambalo sensa haiulizi kamwe, na watafiti wengine huchukua majibu hayo kuwa kipimo cha kutilia uzani tafiti zao. Ni kazi ya gharama na ya polepole, na haitoi vichwa vya habari wiki ya mwisho ya kampeni. Ila inamfikia yule aliyeiacha simu iite.