Miwani Haiharibu Jicho la Mtoto

Wazazi wetu, wapo miongoni mwetu wanaomnyima mtoto miwani wakihofu kwamba macho yake yatazidi kuharibika. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto asiyeona mbali huzidi kudhoofika kwa kuwa jicho lenyewe hurefuka anapokua. Wala kumpunguzia nguvu ya miwani hakumfai: huko Malaysia, utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa waliopunguziwa walidhoofika zaidi.

Miwani ya kawaida humwezesha kuusoma ubao, ila haizuii jicho kurefuka. Ipo lenzi nyingine, yenye vilenzi vidogo vidogo kuzunguka kitovu chake. Huko Hong Kong, watoto wa miaka 8 hadi 13 walioivaa kwa miaka 2 walipunguza kasi ya kudhoofika kwa takriban nusu.

Kipimo ndicho mwanzo. Nakuru ndiko watu wazima walikopimwa macho kwa simu mwaka 2013. Kisha Kitale, walimu wakawapima wanafunzi vivyo hivyo.

Basi tumpeleke mtoto kwa daktari wa macho, tuulizie lenzi hiyo. Isipopatikana, avae miwani ya kawaida yenye nguvu kamili. Na kila siku acheze nje mchana, yapata saa 2. Macho yake ni amana tuliyokabidhiwa, nasi tutaulizwa.