Daktari Yuko Kwenye Simu: Intaneti Ipi Inamfaa Mgonjwa Aliye Nyumbani?

Mama yangu anaugua sukari, na mwaka jana alitokwa na kidonda kwenye kidole cha mguu. Daktari wake yuko Nairobi, sisi tuko Kilifi, kwa hiyo tulikubaliana awe anamwangalia kwa video kila Jumanne. Siku ya kwanza nilishika simu mkono mmoja na tochi mkono wa pili, nikamulika kidole. Daktari akauliza, "Hapo peusi ni kivuli au ni nyama?" Nikasogeza tochi. Akauliza tena. Sisi tulimwona vizuri hata miwani yake. Yeye aliona ukungu mtupu.

Kosa halikuwa la simu. Matangazo ya intaneti husifu kasi ya kupakua, yaani kile kinachoingia kwako: filamu, muziki, picha za watu. Mgonjwa anahitaji pia kasi ya kupakia, kile kinachotoka kwake kwenda kwa daktari, na hiyo mara nyingi haiandikwi kwenye bango. Na si kasi kubwa hata kidogo. Zoom wanapendekeza kilobiti 600 kwa sekunde kwa mazungumzo ya video ya watu wawili, na megabiti 1.2 ukitaka picha safi zaidi, kwenda na kurudi. Laini yetu ilishindwa hata hiyo, kwa sababu tulipanga miadi saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Tulipohamishia saa tatu asubuhi, kwa laini ileile na bando lilelile, kidole kikaonekana.

Sasa tupige hesabu. Kwa megabiti 1.2 kila upande, mazungumzo ya dakika 20 hula takribani megabaiti 360. Bando la Safaricom la GB 1 la saa 24 limekuwa likiuzwa shilingi 99, na linatosha kwa miadi miwili siku hiyohiyo. Miadi minne kwa mwezi ni shilingi 396. Linganisha na faiba ya nyumbani ya kampuni hiyo: tangu Septemba 2024 kifurushi cha chini kabisa, megabiti 15, kilikuwa shilingi 2,999 kwa mwezi, na cha megabiti 30 shilingi 4,100. Kwa 2,999 ungenunua bando la 99 mara thelathini, moja kila siku ya mwezi. Kwa hiyo, kama mgonjwa wako humwona daktari mara moja au mbili kwa mwezi, usikubali mtu akuuzie faiba kwa jina la matibabu. Pesa hiyo ni vijiti vya kupimia sukari.

Faiba huanza kulipa pale matumizi yanapokuwa ya kila siku: mtu wa mazoezi ya viungo baada ya kiharusi, mtoto anayefundishwa kusema, mgonjwa mwenye kipimo kinachotuma namba kwa daktari asubuhi na jioni. Hapo faida yake kubwa ni kwamba haikatiki katikati ya wiki kwa sababu bando limeisha. Ila nayo ina ugonjwa wake. Taa nyekundu ya LOS ikiwaka kwenye kisanduku cha faiba cha ukutani, mara nyingi waya wa nje umekatika, na hata ukizima na kuwasha ruta mara kumi, utasubiri fundi.

Penye mashamba, pasipofika waya, kuna setilaiti. Starlink waliingia Kenya Julai 2023. Mwaka 2024 vifaa vyao vilikuwa shilingi 45,500, au kuvikodi kwa 1,950 kwa mwezi, juu ya kifurushi cha GB 50 cha shilingi 1,300 au kile cha 6,500. Kwa aliyekodi na kuchukua GB 50, jumla ilikuwa 3,250, karibu sawa na faiba. GB 50 ni nyingi mno kwa daktari peke yake, lakini ni chache sana watoto wakijua neno la siri. Nako pia kuna msongamano: Novemba 2024 kampuni hiyo iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa muda kwa sababu mtandao ulikuwa umejaa.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni stima. Ikipotea, ruta ya faiba huzima papo hapo, hata kama waya wa nje ni mzima. Ruta hutumia wati kama kumi tu, kwa hiyo kibetri kidogo cha volti 12 kinachokaa kati ya ruta na soketi huibeba kwa saa kadhaa. Dishi la Starlink la kawaida hutaka wati 75 hadi 100. Kibetri hicho hakiliwezi, utahitaji sola au betri ya maana. Simu yenye chaji kamili haijui kama stima imepotea. Kwa hiyo hata mwenye faiba aweke laini ya pili yenye bando, ingawa hata hiyo si kinga kamili: Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ilidorora Kenya na Tanzania pamoja.

Na video ikikataa, usiahirishe miadi. Piga picha tatu za kidonda mchana, karibu na dirisha, weka rula kando yake, zitume kabla, kisha zungumzeni kwa sauti tu. Sauti hula sehemu ndogo tu ya data ambayo video hula. Tumefanya hivyo mara mbili, na mara ya pili daktari alituambia tumlete mama hospitali siku ileile.

Uamuzi wangu: miadi ya hapa na pale, bando; ya kila siku, faiba na kibetri chake; pasipo waya, dishi la kukodi kabla ya kulinunua. Ila kabla hujalipa chochote, mwombe jirani mwenye huduma hiyo akuruhusu upime kasi ya kupakia kwake, saa ileile ambayo daktari wako hupiga.