Mti wa Shimba na Ugonjwa wa Kansa

Mkulima akisikia kwamba mti fulani umeua kansa katika chupa za wataalamu, asikimbilie kuchemsha magome yake. Habari ya mti mmoja umeao katika vilima vya Shimba, huko Kwale, itaonyesha sababu.

Mwaka 1972, Profesa S. Morris Kupchan na wenzake huko Marekani walitangaza kwamba wamepata dawa katika miti ya jamii ya Maytenus, wakaiita maitansini. Chembe za kansa huongezeka kwa kugawanyika. Maitansini huzizuia zisigawanyike, nazo hufa. Lakini mti huwa na dawa kidogo mno. Kwa hiyo zaidi ya tani 27 za mti huo zilikusanywa Shimba kwa majaribio.

Wagonjwa walipopewa dawa hiyo walitapika, wakaharisha na kulegea. Haikuchagua: iliua chembe nzuri pamoja na mbaya. Ikawekwa kando.

Baadaye wataalamu waliigeuza kidogo, wakaiunganisha na kitu kinachoshika hasa chembe za kansa ya namna moja. Ni kama mkulima anyunyiziaye dawa magugu bila kulowesha mahindi. Mwaka 2013 Marekani iliikubali kwa aina moja ya kansa ya matiti. Kazi hiyo ilichukua miaka 41.

Basi, kinachoua kansa katika chupa chaweza kumwua na mtu. Ukiona uvimbe au kidonda kisichopona, nenda hospitali mapema, umweleze daktari dawa zote za miti unazokunywa.