Je, Wajua? Mtetea Akishanyonyoka Manyoya

Je, wajua kwamba mtetea wa Chanzuru, wilayani Kilosa, hafuati kalenda ya mwenzake wa Ulaya? Kule, mchana ukianza kufupika kuelekea majira ya baridi, kundi zima hupukutisha manyoya karibu kwa pamoja. Kilosa iko takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa 1. Kuku wetu wa kienyeji husikiliza zaidi mwili wake: ameatamia siku 21 akila kidogo, amelea vifaranga, nguvu zimemwisha, ndipo manyoya yanaanza kudondoka. Matokeo yake bandani anakuwamo mmoja aliyenyonyoka kati ya wenzake waliopendeza, na mfugaji anamuuza haraka kwa bei ya kutupa akidhani anaumwa. Hasara hiyo inaniuma, maana wengi wao ni wazima kabisa.

Je, wajua kumtofautisha na mgonjwa? Anayebadili manyoya huanzia kichwani na shingoni, kisha kifua na mgongo, mwisho mbawa na mkia, na pande zote mbili huenda sawa. Upanga wake hupauka na kusinyaa, hatagi, lakini akimwagiwa chakula anakuja. Mpapase shingoni: utakuta vijiti vidogo vigumu vinachomoza. Upara wa mgongoni peke yake mara nyingi ni kazi ya jogoo anayempanda. Upara na uwekundu kuzunguka sehemu ya haja, tafuta chawa. Na kishingo, yule wa shingo tupu, usimhangaikie, kazaliwa hivyo.

Je, wajua kwamba vile vijiti vina damu ndani? Ni manyoya machanga, kila kimoja kimefungwa kwenye ala yake, na ukimbana anaumia kweli. Kikivunjika hutoka damu nyingi kuliko unavyotegemea. Bana pale kwa kitambaa safi, paka unga wa ngano kidogo, kisha mfunike kwenye tenga peke yake. Wenzake wakiiona damu hawataacha kumdonoa.

Je, wajua kwamba zaidi ya asilimia 80 ya unyoya ni protini? Sasa mpe pumba ya mahindi tupu, yenye protini karibu asilimia 10, uone atakavyokaa miezi akiwa nusu uchi. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Waoshe kwanza watoke mchanga na chumvi. Mashudu ya alizeti yanafaa, na mchwa pia: jaza chungu kikuukuu samadi kavu na mabua, kilowanishe, kifunike juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi kifunue mbele ya kuku.

Mahindi yaliyoota ukungu je? Usimpe hata kidogo. Sumukuvu inashambulia ini, na huyu hana akiba ya kupambana nayo.

Je, wajua kwamba viroboto hupenda kujishikiza usoni? Vidoa vyeusi kuzunguka macho na upanga, visivyotoka ukipangusa, ndivyo hivyo. Vipake vaselini vikose hewa, ukiangalia isiingie jichoni. Utitiri mwekundu ni mjanja zaidi: mchana umejificha kwenye nyufa za miti ya banda, usiku unanyonya. Ingia na tochi usiku ukague wanapolala kuku. Kisha wawekee shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu waogee.

Je, wajua kwamba unga wa njano wa tetrasaikilini hauoteshi manyoya? Wengi huuchanganya kwenye maji mara tu waonapo kuku amenyong'onyea. Dawa hiyo huzuia bakteria kuzaliana, basi. Mabaki yake huingia kwenye mayai tunayokula.

Je, wajua kwamba mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa mwaka 1926 kisiwani Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza? Hauna tiba. Kuku anayeharisha kijani, shingo imepinda, hanyonyoki manyoya huyo, anakufa, na wenzake wako njiani. Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji vyenye joto na sasa inazalishwa Tanzania, ni tone 1 katika jicho 1, kila baada ya miezi 3. Wanaochanjwa ni wazima tu, na chupa haitakiwi kupigwa na jua. Chanjeni kijiji kizima siku moja, kwa sababu kuku wa jirani na wako wanachakura jalala moja.

Je, wajua kwamba hatari nyingine huja manyoya yakisharudi? Mrija wa uzazi ulikuwa umesinyaa, na akianza kutaga tena yai linaweza kukwama. Utamwona anainuka na kuchuchumaa, mkia chini, anajikamua bila kutoa kitu. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, kisha mweke mahali penye giza na utulivu. Usimkamue tumbo: yai likipasukia ndani unaweza kumpoteza. Ili yai lisikwame, mzoeshe mapema maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa.

Akipita hapo, atataga mayai pungufu kidogo kuliko mwaka uliotangulia, lakini makubwa zaidi na yenye ganda imara.